Penye Haraka Hapana Jirani

Watu wengi wakisikia neno mchezo huona ni jambo la kupotezea wakati tu. Wakiambiwa kuna mtu mzima aliyetumia miaka mitatu kukuza ustadi wa upanga usiokuwapo, katika nchi isiyokuwapo, humhurumia yeye na wazazi wake. Mimi siwalaumu. Lakini ukiutazama mchezo kama unavyoutazama mji, ukauliza watu wake wanaishi vipi, wanaaminiana kwa lipi na wanagombana kwa lipi, utaona mna somo ndani yake ambalo si la kitoto hata kidogo.

Mchezo ninaotaka kuuzungumzia unaitwa EverQuest. Ni mkongwe, lakini maneno juu yake yamefufuka tangu mwaka 2025 kwa sababu ya kesi iliyopelekwa mahakamani huko Marekani, ambayo nitaieleza mbele. Kesi yenyewe ni ya haki ya kumiliki kazi. Nyuma yake, hata hivyo, kuna swali lililonivutia mimi zaidi: mchezo ukiwa mwepesi na wa haraka, watu wake huwaje? Na ukiwa mzito na wa polepole, huwaje?

Kwanza tuelewane, ndugu msomaji, juu ya mchezo wenyewe. Huu hauchezwi na mtu na mwenzake sebuleni. Kuna kompyuta kubwa iitwayo seva, na ndani yake umewekwa ulimwengu mzima: miji, misitu, bahari, masoko na wanyama wakali. Watu kwa maelfu, kila mmoja akiwa kwake, huungana na seva hiyo kwa njia ya intaneti na kukutana humo. Kila mmoja ana mhusika wake mwenye jina lake. Na kila seva ni mji mbali. Watu wa seva hii hawaonani na watu wa seva ile.

EverQuest ilifunguliwa tarehe 16 Machi 1999, kazi ya kampuni ya Verant Interactive ya San Diego, California, ikiongozwa na watu kama Brad McQuaid na Steve Clover. Nchi ya humo iliitwa Norrath. Mwenye kucheza alilipa karibu dola 10 kwa mwezi, na katika kilele chake mchezo ulikuwa na watu zaidi ya 400,000 waliolipa ada hiyo.

KUOGELEA HUFUNZWA MAJINI

Katika Norrath hakuna aliyeingia leo akawa hodari leo. Aliyetaka kujua upanga hakuwa na budi kuupiga upanga; baada ya mapigo mengi ndipo ustadi wake ulipoongezeka kwa alama moja tu. Aliyetaka kujua kuogelea alijitosa majini. Hata lugha ilikuwa hivyo. Makabila ya Norrath yalikuwa na lugha zao, na asiyezijua aliona kwenye kioo herufi zilizovurugika. Ilimpasa akae katika kundi la waijuao, waseme mbele yake, mpaka kidogo kidogo maneno yaanze kusomeka. Sijui shule ngapi za lugha duniani zimeelewa jambo hilo vizuri kuliko mchezo huu.

Juu ya ustadi huo mmoja mmoja kulikuwa na madaraja. Mwanzoni daraja la mwisho lilikuwa la 50, na mwaka 2000 likasogezwa hadi la 60. Kufika huko haikuwa kazi ya wiki. Kwa mtu mwenye shughuli zake ilikuwa kazi ya miezi mingi, na wengi hawakufika kabisa.

Isitoshe, njia yenyewe ilikuwa na mashimo. Mhusika aliyeuawa na mnyama alijikuta ametupwa mbali, mikono mitupu, na mali yake yote imebaki kwenye mwili kule alikoangukia. Alipungukiwa na sehemu ya tajiriba aliyoichuma, hata pengine akashuka daraja. Asipoufikia mwili ule kwa muda uliowekwa, mali yote ilipotea. Na kuufikia peke yake, bila silaha, katikati ya wanyama wale wale waliomwua, mara nyingi haikuwezekana.

Na kulikuwa na kungoja. Mwenye kazi ya uganga akiishiwa na nguvu ilimlazimu aketi chini kwa dakika kadha mpaka nguvu zirudi. Katika siku za mwanzo, mchezaji wa madaraja ya chini akiketi hivyo, kitabu chake kilifunguka kikaziba kioo. Hakuona msitu wala adui. Kilichobaki mbele yake ni maneno ya wenzake. Aliyetaka kwenda ng'ambo alisimama gatini kungoja chombo, na safari ya baharini nayo ilikuwa na urefu wake.

Sasa watu wanne au watano wameketi porini, hawana la kufanya kwa dakika kadha. Watafanya nini? Watazungumza. Huyu ataeleza habari za kazi yake, yule habari za mkewe aliyejifungua, mwingine ataulizwa kwa nini hakuonekana juma zima. Kikao kile kilikuwa baraza. Penye kusubiri pamoja, maneno hayakosi.

JINA NI MALI

Lakini kungoja peke yake hakuundi mji. Abiria kumi wanaweza kungoja basi mwaka mzima wasijuane. Kilichounganisha watu wa Norrath ni kwamba katika polepole ile walihitajiana. Mpiganaji hodari bila tabibu alianguka. Tabibu bila mpiganaji hakuweza kujilinda vya kutosha. Tabibu wa daraja la juu aliweza kumrudisha aliyeanguka pale pale alipoangukia na kumrejeshea sehemu kubwa ya tajiriba aliyopoteza. Wengine walijua kumpeleka mtu mbali kwa dakika moja, safari ambayo kwa miguu ingekula jioni yote. Wengine, kwa ruhusa ya mwenyewe, waliweza kuuburuta mwili wa aliyeuawa mpaka mahali pa salama. Kidole kimoja hakivunji chawa, nao walilijua hilo kila usiku.

Hapa ndipo ninapoona kiini cha mambo. Ikiwa kumlea mhusika mmoja kunachukua mwaka, mtu hawezi kufanya uovu leo kisha kesho akabadili jina akaanza upya. Aliyewatoroka wenzake vitani, aliyechukua kilichokuwa cha mwingine, aliyepewa amana akaila, habari zake zilienea katika seva nzima, na hakuwa na mji mwingine wa kuhamia isipokuwa akubali kurudi daraja la kwanza. Vivyo hivyo, tabibu aliyejulikana kuwa hakatai kuamshwa katikati ya shughuli zake akamwokoe mtu asiyemjua, jina lake lilimtangulia kila alikokwenda. Jina jema hung'ara gizani, na humo gizani lilikuwa na thamani kuliko upanga.

Ushahidi wa jambo hili ni soko lao. Wenye mchezo hawakujenga soko la wachezaji. Wachezaji wenyewe, katika seva nyingi, walizoea kukutana ndani ya pango la kupitia njia katika eneo liitwalo East Commonlands, si mbali na mji wa Freeport. Huko muuzaji alinadi kwa maneno, mnunuzi akajibu, wakapatana au wakaachana. Kulikuwa na biashara zilizomlazimu mtu atangulize mali akiamini tu neno la mwenzake. Uaminifu huo haukulindwa na polisi yeyote. Ulilindwa na majina.

Mali hiyo haikuwa mzaha. Mwaka 2001 mwanauchumi wa Kimarekani, Edward Castronova, alizichukua bei ambazo watu walikuwa wakiuziana fedha na wahusika wa Norrath kwa dola za kweli, akapiga hesabu ya pato la kila mkazi wa nchi hiyo isiyokuwapo. Alilikuta liko kati ya pato la mtu wa Urusi na la mtu wa Bulgaria. Wengi walicheka. Mimi naona alichokipima, bila ya kukiita hivyo, ni saa za watu.

ILIPOFUNGULIWA NJIA YA MKATO

Wateja walinung'unika, na manung'uniko yao yalikuwa ya haki. Safari ni ndefu, kungoja ni kwingi, kunadi mali usiku kucha kunachosha. Kampuni ikasikia. Mwezi Desemba 2001 likafunguliwa soko rasmi ambamo mhusika alisimama na bidhaa zake huku mwenyewe amelala nyumbani, na mnunuzi akanunua bila ya kusema neno. Mwezi Oktoba 2002 kikaongezwa kituo kiitwacho Plane of Knowledge, chenye milango ya kumtoa mtu huku na kumtokeza kule papo hapo.

Shida zikaondoka, na pamoja nazo zikaondoka sababu nyingi za kuzungumza. Aliyekuwa akiombwa kila siku awasafirishe watu hakuombwa tena. Pango la East Commonlands likabaki pango. Hakuna aliyekusudia kuuvunja mji. Waliondoa matofali yaliyokuwa yakimkwaza mpita njia, kumbe ukuta ulikuwa umesimama juu yake.

Mwaka 2004 ukaja mchezo wa kampuni ya Blizzard, World of Warcraft, ambao mtu aliweza kufika daraja lake la mwisho karibu peke yake. Ulipendwa mno, mwaka 2010 ulikuwa na wateja milioni 12. Watafiti wanne, Nicolas Ducheneaut na wenzake, walipoupima mwenendo wa wachezaji wake waliona kuwa watu wengi, hasa katika madaraja ya chini, walicheza peke yao katikati ya umati. Makala yao ya mwaka 2006 waliyapa jina lenye maana ya kuwa peke yetu pamoja. Sijaona maneno yanayoieleza hali hiyo vizuri zaidi.

WALIORUDI NYUMA KWA HIARI

Mtu angedhani kwamba baada ya hapo habari imekwisha, haraka imeshinda. Haikuwa hivyo. Mwezi Oktoba 2009 watu wa kujitolea walifungua seva iitwayo Project 1999, isiyotoza ada, na kuurudisha mchezo wa EverQuest kama ulivyokuwa katika miaka yake ya kwanza: safari ndefu, kungoja, adhabu ya kuanguka, na soko la pangoni. Waliongeza na sharti moja ambalo naliona ni la busara sana: mtu mmoja haruhusiwi kuendesha wahusika wawili kwa wakati mmoja. Maana yake ni kwamba mpiganaji anayetaka tabibu hawezi kujitengenezea tabibu wake mwenyewe pembeni. Lazima amtafute mtu.

Mwaka 2015 kampuni ya Daybreak, iliyokuwa imerithi mchezo huo, ilikubaliana nao waendelee. Na mwezi Oktoba 2019 walipofungua seva mpya ya kuanza upya tangu daraja la kwanza, watu walifurika hata ikabidi ifunguliwe ya pili kuwagawa.

Kwa wenzao wa World of Warcraft mambo yalikuwa hivyo hivyo. Mwaka 2013 mkubwa mmoja wa mchezo huo aliulizwa hadharani kama kampuni itazirudisha seva za mwendo wa zamani, naye akajibu kwamba watu wanadhani wanazitaka, lakini hawazitaki. Seva ya kujitolea ya Nostalrius, iliyofunguliwa mwaka 2015 bila ruhusa ya kampuni, ilikuwa imeandikisha akaunti 800,000 ilipofungwa tarehe 10 Aprili 2016 kwa kitisho cha kushtakiwa. Ombi la kuitetea lilitiwa sahihi zaidi ya 200,000. Mwezi Agosti 2019 kampuni hiyo hiyo ilifungua yenyewe seva za mwendo wa zamani. Ikaonekana kwamba watu walijua walichokuwa wakikitaka.

SI KILA POLEPOLE INA BARAKA

Hata hivyo nisije nikaonekana nasifu upande mmoja. Wazee walisema haraka haraka haina baraka, lakini hawakusema kwamba kila polepole inayo.

Katika Project 1999 kuna majoka na majitu makubwa ambayo yakiuawa hukaa siku nyingi kabla ya kutokea tena, nayo hubeba vitu vya thamani kuliko vyote. Joka ni moja na vyama vya wachezaji ni vingi. Kwa hiyo kuna waliokesha kwa zamu, usiku na mchana, kumvizia mnyama wa kwenye kioo, na kuna magomvi yaliyowalazimu wasimamizi kuandika kanuni juu ya kanuni. Katika seva ya mwaka 2019 baadhi ya vitu adimu viliwekewa orodha rasmi ya foleni, na waliovitaka walingoja zamu zao kwa masaa mengi mno. Mwenye kazi, mke na watoto atatoa wapi masaa hayo? Huyo akishindwa, ustadi si ulioamua. Imeamua kutokuwa na shughuli.

Kwa hiyo mimi naona tusiseme tu polepole ni nzuri. Tutofautishe polepole mbili. Iko polepole inayomfanya mtu amhitaji jirani yake, na iko polepole inayomfanya jirani yake awe kikwazo. Anayejifunza lugha kwa kusikiliza hampunguzii msemaji kitu. Wote wawili wamepata mwenzi. Aliyeinuliwa na tabibu leo atamlinda tabibu kesho. Lakini waliopanga foleni ya kitu kimoja, kila mmoja ndani ya moyo wake angefurahi lau aliye mbele yake angesinzia. Masaa ni yale yale, seva ni ile ile, na tabia zinazoota ni mbili mbalimbali.

Na kuna jambo la tatu linalobomoa zote mbili, nalo ni kuuza. Mtu anapomuuza mhusika aliyemlea, humuuza na jina. Mnunuzi huingia akiwa na daraja la juu, lakini hajui kazi. Wenzake humtegemea katika hatari, naye hajui aanzie wapi. Aliyenunua daraja hakununua miaka ya kujulikana, kwa sababu hiyo haiuziki.

KESI NA SWALI LAKE

Sasa ile kesi. Kulikuwa na seva nyingine ya EverQuest iliyoendeshwa na watu binafsi, iitwayo The Heroes' Journey, ambayo nayo ilichukua njia kinyume kabisa. Humo mhusika mmoja aliweza kubeba kazi tatu kwa pamoja, akawa mpiganaji, tabibu na mganga ndani ya ngozi moja, akaenda peke yake mahali palipokuwa pakihitaji kundi zima. Watu waliikimbilia kwa wingi. Mwezi Juni 2025 Daybreak iliwashtaki wenye kuiendesha katika mahakama ya California kwa kuvunja haki zake, na mwezi Septemba mahakama ikatoa amri ya muda ya kuizuia.

Sitaki kuwaita wavivu waliokwenda huko. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1999 amepita 45 sasa. Ana saa moja usiku baada ya watoto kulala, na anataka kuiona tena nchi ya ujana wake bila ya kungoja gatini. Ni haki yake. Lakini na ajue anachokinunua: amepata nchi, hakupata wenyeji wake.

Kwa wapenda haraka na wapenda polepole, jambo moja linawakuta sawa. Mwenye seva akiamriwa kufunga, mlango hufungwa. Miaka ya watu, majina yao, vyama vyao na baraza zao hazikuwa mali yao mbele ya sheria hata siku moja. Project 1999 inaishi kwa makubaliano, na Nostalrius ilikufa kwa kuyakosa. Mji ambao wakazi wake ndio walioujenga, na ambao mwenyewe anaweza kuuzima kwa kidole, ni mji wa kuishi kwa tahadhari.

TULICHUKUE LIPI?

Vijana wetu wengi wa Mombasa, Malindi na Lamu hawaichezi EverQuest. Wao wana mpira wa kwenye simu na mapigano ya bunduki ambayo huanza na kwisha kwa dakika chache, na wapinzani ambao baada ya mechi hawaonekani tena. Ndiyo maana matusi humo ni mengi. Anayemtukana mtu ambaye hatakutana naye tena hana cha kupoteza. Sidhani watoto hao ni wabaya kuliko wale wa Norrath. Wamewekwa tu mahali ambapo ubaya hauna gharama na wema hauna kumbukumbu.

Kwa hiyo nasihi yangu kwa mzazi ni hii. Akimkuta mwanawe mbele ya kioo, aulize masaa, ndiyo, maana masaa ni umri. Lakini asiishie hapo. Amwulize anacheza na nani, wanamjua kwa jina gani, na siku asipoonekana kuna atakayemwulizia. Kijana asiyeweza kujibu swali hilo la mwisho amekaa katika umati, na angali peke yake.